Msamaha wa Bi Chausiku

Bi Chausiku Shomari anakodisha vyombo vya shughuli. Mtu wa Chang'ombe akiwa na harusi, akika au hitima, humfuata yeye kwa masufuria, sahani, viti vya plastiki na turubai, naye huvipeleka mpaka mlangoni kwa kirikuu yake nyeupe, kigari cha mizigo anachokiendesha mwenyewe. Ana miaka arobaini na tisa. Mlango wake unatazamana na chumba ninachopanga, ndiyo maana najua kwamba kila sufuria yake ina namba ya rangi nyekundu kwenye kitako, na kwamba namba kumi na saba ndiyo kubwa kuliko zote. Hiyo haibebwi na mtu mmoja.

Alianza na masufuria manne aliyoachiwa na mama yake. Kwa miaka sita aliyasafirisha kwa guta la magurudumu matatu, na guta likichelewa, wapishi walimtukana yeye, si msukuma guta. Aliponunua kirikuu, alikuwa tayari amejifunza udereva, ana leseni, na ameshachagua ukuta wa kuegesha.

Bima ya kwanza alikata ndogo, ile ambayo gari haliruhusiwi kuingia barabarani bila hiyo. Wakala wake ni Taqi Abdulhussein, ambaye baba yake ndiye aliyemuuzia Bi Chausiku sahani zake za kwanza. Siku hiyo nilifuatana na Bi Chausiku, kwa kuwa alitaka mtu wa kumsomea maandishi madogo ya nyuma. Hakukuwa na haja, Taqi alieleza yote kwa mdomo.

"Dada Chausiku, hii ndogo ni kwamba ukimgonga mtu, kampuni inamlipa huyo mtu. Gari yako wewe haiguswi."

"Na mtu akinigonga mie?"

"Unalipwa na bima yake."

"Na akiwa hana?"

Taqi alicheka. "Hapo sasa."

"Usicheke, nijibu."

"Akiwa hana, unamdai yeye mwenyewe. Akiwa na uwezo atakulipa, akiwa hana mtatazamana. Na hata mwenye bima ndogo, upande wa mali huwa kuna kiwango. Hasara yako ikipita hapo, inayobaki unarudi kumdai yeye."

"Na kubwa?"

"Kubwa inatengeneza gari yako kwanza. Kuna sehemu ndogo ya gharama unabeba mwenyewe, nyingine kampuni. Halafu kampuni ndiyo inamfuata aliyekugonga, inamdai."

"Nyie watu wa bima mnakuwaga watamu siku ya kukata."

"Ndiyo maana nakwambia mapema, usije ukanifuata na mwiko."

Ilimchukua miaka miwili kuamua. Mwaka wa tatu aliacha kununua viti vipya, akakata kubwa. Mtaani walimcheka. Muuza chipsi wa kona alimwambia kirikuu kuikatia bima kubwa, mtu atadhani ni V8 ya waziri. Bi Chausiku alimjibu kwamba V8 ya waziri haijawahi kumlisha mtu ubwabwa.

Ajali ilitokea Jumamosi, tarehe mbili Shaaban, saa nne asubuhi. Shaaban kwa kazi yake ndiyo msimu. Watu wanataka kuoza na kuoa kabla ya Ramadhani, na shughuli hufuatana mpaka siku za vunja jungu. Mwaka huo alikuwa na shughuli tisa, na pesa za utangulizi za saba ameshazipokea na kununulia sahani.

Alikuwa akirudi kutoka Kinyerezi na masufuria ya harusi ya jana yake, yamefungwa kamba. Kwenye barabara ya karakana, kabla ya kiwanda cha magodoro, gari ya Noah ya bluu ilitoka uchochoroni bila kusimama ikaingia mlango wa mbele wa kirikuu, upande wa abiria. Sufuria tatu zilichomoka zikabingirika mpaka kwenye mtaro. Hakuna aliyeumia. Lakini gurudumu la mbele lililala, mlango ukaingia ndani, na mafuta ya gia yakaanza kudondoka.

Aliyeshuka kwenye Noah alikuwa Ismail, fundi wa kuchomelea mageti, kijana wa miaka ishirini na saba, mtoto wa Bi Najma. Bi Najma na Bi Chausiku wako kikundi kimoja cha maulidi. Ismail alipoona ni nani, alishika kichwa.

"Shikamoo mama. Mama nisamehe, breki nimekanyaga, haikushika."

"Marahaba. Umeumia?"

"Mie mzima. Mama, kosa langu. Nitatengeneza mwenyewe, mie si fundi? Tusiite trafiki, yaishe hapa hapa."

Mafundi wa karakana walikwisha kusogea. Hivi ndivyo tunavyofanya huku: mkosaji akikiri mbele ya watu na kuomba, mambo humalizwa palepale, na anayesisitiza kuita trafiki huonekana mtu wa roho mbaya. Bi Chausiku alimpa mkono. Watu sita wakaiinua kirikuu, wakaisogeza kando barabara ipitike. Noah, iliyovunjika taa na bampa tu, ikawaka. Ismail akaandika namba yake ya simu, akaondoka kwenda kufunga geti la mteja.

Bi Chausiku alinipigia nimsaidie kubeba masufuria. Nilimkuta amekaa juu ya sufuria iliyopinduliwa, anaongea na Taqi kwenye simu. Alikuwa amempigia kuuliza apeleke gari gereji gani. Simu yake ina sauti kubwa, nilisikia pande zote mbili.

"Trafiki wameshapima?" aliuliza Taqi.

"Hatujaita. Ni kijana wetu, tumemalizana."

"Mmemalizana vipi?"

"Tumeshikana mikono."

"Dada, gari umeikatia kubwa. Mie siwezi kupeleka madai bila taarifa ya polisi. Na huyo kijana, bima yake iko hai?"

"Sijui."

"Angalia. Weka namba ya gari yake kwenye simu, utaona."

Namba ya gari ya Ismail alikuwa nayo kichwani, kwa kuwa Noah ile hupita mbele ya nyumba yetu kila siku. Niliandika mimi, mikono yake ilikuwa na mafuta. Bima ya Noah ilikuwa imeisha miezi miwili na siku tano zilizopita, na ilikuwa ndogo.

Aliitazama ile simu, kisha akaitazama kirikuu. Niliwaza alichokuwa akiwaza: shughuli ya kwanza ilikuwa Jumatano, watu mia tatu, na sahani zilizonunuliwa kwa pesa za watu zilikuwa bado kwenye maboksi.

"Taqi," alisema, "nikiita polisi saa hii, si nimeshamwachia mtu aende?"

"Ita. Vioo bado viko barabarani?"

Vilikuwapo. Alimpigia kwanza Ismail kabla ya trafiki. Alisema si vizuri kijana asikie kwa watu. Ismail alirudi kwa bodaboda, vumbi la chuma bado liko usoni.

"Mama, si tulipeana mkono?"

"Tulipeana. Sikuwa najua huna bima."

"Ningekuwa nayo ningekuomba?"

Trafiki alikuja, akapima kwa vioo na alama za tairi, akachora ramani ya ajali, akamwuliza Ismail, naye akakubali kosa. Alikemea wote wawili kwa kusogeza magari. Noah ilipelekwa kituoni. Ismail alipopita mbele ya Bi Chausiku hakumuaga.

Jumatatu baada ya alasiri walikuja wazee. Alitangulia Mzee Mwinjuma, baba mkubwa wa Ismail, nyuma yake Bi Najma na sinia ya visheti iliyofunikwa kitambaa, kisha Ismail, amevaa kanzu. Mimi niliitwa kwa sababu mtaani ndimi ninayeandika karatasi za namna hii, na watu huniita Karani kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kiwandani, stoo.

Salamu zilikuwa ndefu. Mzee Mwinjuma aliuliza habari za kila mtu hadi za paka. Kisha akasema, "Mwanangu Chausiku, kijana kakosa. Tumekuja kwa miguu yetu kuomba radhi. Ramadhani hiyo inabisha hodi, na watu wanaingia mwezi mtukufu mioyo ikiwa mieupe. Tunaomba umsamehe, na msamaha wenyewe tuuandike, kesho tuupeleke kituoni, jambo liishe."

"Nimekuelewa, baba."

"Karani, kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Andika. Mimi Chausiku binti Shomari nimemsamehe kijana Ismail kwa ajali iliyotokea, na sina madai naye yoyote, leo wala kesho."

Niliandika kama alivyosema. Sikuona ubaya wake. Karatasi kama hizo nimewaandikia watu wengi, za mbuzi aliyekula mahindi, za ukuta uliobomolewa, na zote zilimaliza ugomvi. Bi Chausiku aliichukua kalamu. Ncha yake ilikuwa imeshafika kwenye mstari wa sahihi.

"Nisomee tena, Karani."

Nikasoma. Nilipofika kwenye madai, akaweka kalamu mezani.

"Ngojeni kidogo, nimpigie mtu."

Aliingia ndani. Tulikaa. Mzee Mwinjuma alikula kisheti alichokuja nacho mwenyewe. Aliporudi, Bi Chausiku hakukaa kwenye kiti chake, alikaa kwenye mkeka karibu na Bi Najma.

"Ismail," alisema, "mbele ya baba yako na mama yako, nimekusamehe. Sina kinyongo na wewe duniani wala akhera. Nipe mkono."

Ismail akampa.

"Lakini hiyo karatasi siwezi kuisaini."

Mzee Mwinjuma alifuta mdomo. "Huo sasa ni msamaha wa nusu, mama."

"Si wa nusu, baba. Wangu nimetoa wote. Gari ina bima kubwa. Kampuni inanitengenezea mie, halafu inamdai Ismail kwa haki yangu. Nikiandika kwamba sina madai, nimeifuta hiyo haki, na wao hawatanitengenezea. Ndivyo alivyoniambia Taqi."

"Kwa hiyo unatusamehe sie, halafu unatutumia Taqi?"

"Ndiyo," alisema. "Ndivyo ilivyo."

Hakuna aliyepokea neno hilo vizuri. Nililitazama lile jina lake nililoliandika juu ya karatasi, na mstari mtupu chini yake.

"Chausiku," alisema Bi Najma, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuzungumza tangu salamu. "Mie na wewe tumebeba masufuria pamoja, mbele na nyuma."

"Tumebeba, Najma. Na ndiyo hayo yako uani, hayana gari, na Jumatano watu mia tatu wanayasubiri."

"Ismail kasema atakunyooshea mwenyewe."

"Ismail anachomelea mageti. Geti halikati kona."

Mzee Mwinjuma alicheka kabla hajajizuia, kisha akakohoa kuficha. Bi Najma hakucheka. Waliondoka wakiwa na adabu zote, wakisema inshallah na tutaonana. Karatasi niliikunja nikaitia mfukoni, na usiku ule niliichana. Asubuhi Bi Chausiku aliosha ile sinia, akaweka ndani kilo mbili za mchele, akairudisha kwa Bi Najma, maana chombo cha mtu hakirudi kitupu. Bi Najma aliipokea mlangoni. Hakumkaribisha ndani.

Shughuli ya Jumatano ilipelekwa kwa maguta mawili. Yalichelewa saa moja na nusu. Wapishi walisema waliyokuwa wakiyasema zamani, na mama wa bibi harusi alisema mengine mapya.

Siku ya pili yake Ismail alikuja peke yake. Alisimama nje ya geti, ambalo yeye mwenyewe alilichomelea.

"Shikamoo mama. Mie sina amani. Nasikia kampuni ya bima itaniletea barua. Wananyang'anya mtu nyumba?"

"Nyumba unayo?"

"Sina."

"Basi watakunyang'anya nini? Kavae shati, twende kwa Taqi ukamwulize mwenyewe."

Nilikwenda nao, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa likizo. Ofisi ya Taqi ni ndogo, ina feni moja na picha ya Karbala ukutani. Alimpa Ismail kiti kile kizuri. Alimweleza kwamba gharama zikijulikana, kampuni itamwandikia, na kwamba akikaa kimya itaendelea mbele, lakini akikubali deni na kuomba kulipa kidogo kidogo, mara nyingi husikilizwa. Akikubali kosa kwa maandishi, na madai ya Bi Chausiku yatakwenda upesi. Ismail aliandika maelezo yake ukurasa mzima, kwa herufi kubwa.

Alipomaliza aliuliza, "Braza Taqi, ningekuwa nimekata ile ndogo?"

"Ungekuwa kazini saa hii. Tungeongea na kampuni yako, si na wewe."

"Ile ndogo tu?"

"Ile ndogo tu. Hasara hii isingevuka kiwango chake."

Ismail alipiga hesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Hela ya geti dogo la uani," alisema.

Ndipo Bi Chausiku akauliza lake. "Taqi, gari itakaa gereji mpaka lini?"

"Mkaguzi amekwenda jana. Vifaa vikipatikana, wiki tatu."

"Na siku zangu za Shaaban nani anazilipa?"

Taqi alivuta karatasi zilizokuwa zimekaa sawa, akazipanga upya. "Hizo hazimo, dada. Bima yako inatengeneza chuma. Siku ulizokosa kazi hazimo."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza."

"Nisingejua kuuliza. Ndiyo maana nilikuja kwako."

Taqi aliagiza chai. Bi Chausiku hakuinywa.

Tulishuka ngazi. Chini, kwenye kivuli cha jengo, Ismail alisema, "Mama, hizo siku bima haizijui, lakini mie nazijua. Noah wameniachia jana, nimelipa faini. Viti vya nyuma nitaving'oa. Nikupelekee masufuria mpaka kirikuu itoke."

"Haina bima."

"Haina."

"Basi siwezi kuweka sufuria yangu humo. Ukigonga mtu mwingine na vyombo vyangu ndani, itakuwaje?"

Ismail alikubali kwa kichwa. Alichukua malipo ya mbele ya mageti mawili kwa mfanyabiashara wa Temeke, na siku ya tatu akapanda ngazi za Taqi tena kukata ile ndogo, safari hii bila sisi.

Kuanzia hapo Noah ya bluu ilipakiwa uani kwetu. Sufuria namba kumi na saba haikuingia mlango wa nyuma mpaka Ismail alipofungua bawaba na kuzifunga upya, na hapo ufundi wake ulifaa. Petroli alilipa Bi Chausiku, udereva ulikuwa wa Ismail. Shughuli mbili Bi Chausiku alikuwa amekwisha kuzipoteza, wenyewe walichukua vyombo kwingine. Bi Najma aliwaona wakipakia, akapita, akaitikia salamu. Kwenye maulidi ya katikati ya mwezi alikaa safu nyingine.

Tarehe ishirini Shaaban kulikuwa na harusi Kibamba, na nilikuwa mwalikwa, nikapanda nao. Nilikaa nyuma juu ya turubai, nimeshika rundo la sahani lisilale. Ismail aliendesha polepole mno. Malori ya Barabara ya Morogoro yalimpita yakimpigia honi, na Bi Chausiku hakumwambia aongeze mwendo.

Tulipopita Mbezi, Ismail aliuliza bila kugeuza shingo, "Mama, ungekuwa hujakata kubwa, ungenifanyaje?"

"Ningekusamehe vilevile."

"Kweli?"

"Kweli. Ungenipa hicho ulicho nacho, ukaninyooshea huo mlango kama geti. Mie ningekusamehe, huku nauza sufuria moja moja."

Ismail alishika usukani kwa mikono miwili. Kibamba tuliacha lami. Wapishi walikuwa wamekwisha kuchimba na kuweka mafiga matatu, na mmoja wao alikuja mbio kabla gari haijasimama, akauliza kubwa iko wapi, tukashuka watatu, naye akawa wa nne, tukaibeba namba kumi na saba.